Mashine Isiyoheshimu Madumu

Nilipokuwa darasa la nne niliondoa dumu la mtu kwenye foleni ya maji, na mpaka leo sijui kosa kubwa zaidi ambalo mtoto wa Handeni anaweza kulifanya akabaki hai. Bomba letu lilikuwa linatoa maji siku mbili kwa wiki, tena likijisikia. Hakuna mwenye akili anayesimama juani kusubiri kitu kinachokuja kikijisikia, kwa hiyo watu walipanga madumu yao mstari yakakaa pale badala yao, wenyewe wakaenda shamba, msikitini, harusini, hata Tanga mjini na kurudi. Dumu likishakaa kwenye mstari limekaa. Unaweza kugombana na mwenye dumu, unaweza hata kumchukulia mume, lakini dumu lake huligusi.

Mimi niliona dumu moja la njano halijatembelewa na mtu tangu juzi, nikaona linajaza nafasi bure. Nikaliweka pembeni, nikasogeza la kwetu mbele. Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea pale Handeni kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba, maana wazazi wangu walikuwa Korogwe wakihangaika na kazi za mashamba ya mkonge. Hakunichapa. Alinipa lile dumu la njano, akaniambia nikalijaze kwenye lambo, mwendo wa karibu saa nzima, kisha nimpelekee mwenye dumu mpaka mlangoni, na niendelee hivyo kila siku mpaka bomba litoe maji tena. Ndiyo ilikuwa sheria: anayeondoa dumu la mwenzake anamtekea. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mkimya aliyekuwa ameenda msibani, na hata hakuwa amelalamika.

Nimeanza na dumu hilo kwa sababu miaka mingi baadaye niliondoa madumu mengine, mengi, kwa mkupuo, nikiwa Korogwe kwenye kiti cha kuzunguka, nina shahada ukutani, na hakuna aliyeniona.

Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta. Mfumo ni kitu kizuri sana kuwa nacho ofisini, kwa sababu unabeba lawama za kila mtu na hauna mdomo wa kujitetea. Ukisema "mfumo unasumbua", hata mtu aliyekuja amefura anakaa kwenye benchi na kutoa simu yake. Mwaka huo shirika moja dogo pale Korogwe lilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuandikisha wagonjwa wa kambi ya macho. Madaktari wangekuja Handeni kwa siku nne kuwaondolea watu mtoto wa jicho bila malipo, na watu wangeandikishwa wiki tatu kabla, kwenye zahanati na ofisi za kata, kila kituo na karani wake na kishikwambi chake. Mratibu wa mradi, bwana mmoja aliyevaa kila siku fulana ya semina tofauti, alinipa maelekezo mawili tu: mfumo uwe wa kisasa na uwe wa haraka.

Sasa, karani akishaingia kwenye mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, mfumo unatakiwa umkumbuke, ili akifungua ukurasa mwingine usimuulize upya yeye ni nani. Kukumbukwa huko ndiko sisi mafundi tunakoita sesheni. Bila sesheni kompyuta inakusahau kila unapopepesa jicho. Na sesheni lazima ikae mahali. Unaweza kuiandika kwenye diski, ambako itakaa salama lakini itatembea kwa mwendo wa faili la mirathi. Au unaweza kuiweka kwenye hifadhidata inayoishi ndani ya RAM, ile kumbukumbu ya haraka ambayo wauza simu wanatusifia, na huko utaipata kabla hujamaliza kuiomba.

Pale Mombo kuna mama lishe anayehudumia basi zima bila kalamu wala karatasi. Wewe ndizi nyama, wewe wali maharage, yule mwenye kofia hataki pilipili. Hakosei hata sahani moja. Lakini basi hilo likishaondoka na jingine likaingia, ukimuuliza mwenye kofia alikula nini, atakuuliza kofia gani. Kichwa chake kina nafasi ya basi moja, na RAM ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo hifadhidata ya namna hiyo inabidi uiambie mapema: ukijaa, umtoe nani? Majibu yapo kadhaa. Mimi nilichukua lile nililolikuta kwenye mwongozo mmoja mtandaoni, ulioandikwa na mtu ambaye nina hakika kwao maji hayajawahi kukatika. Mwongozo ulisema: mtoe yule aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Niliona ni akili tupu. Aliyekaa kimya siku zote hizo si atakuwa ameshakwenda zake? Nikaandika mstari huo mmoja, nikaenda kunywa soda. Seva yenyewe niliyokodi ilikuwa ndogo kuliko zote zilizokuwapo, kwa kuwa sehemu nono ya fedha za mradi ilikuwa imeishia kwenye fulana.

Siku ya pili ya uandikishaji simu ikalia kutoka Handeni. Karani wa kituo cha mjini alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye upole wa kutisha, ule unaokufanya ukae vizuri kwenye kiti hata kama hakuoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako haina adabu."

Nikamuuliza imefanya nini.

"Mzee wa watu kaingia. Nimesimama, nimemwamkia, nimemuuliza nyumbani, wajukuu, mahindi, na ule mguu wake. Narudi kukaa, inaniuliza mimi ni nani. Mimi! Nimeshinda nayo tangu asubuhi!"

Nilikuwa nimeweka sesheni ife baada ya dakika kumi na tano za ukimya, kama mwongozo ulivyoagiza. Kwa Handeni, dakika kumi na tano hujafika hata kwenye mahindi. Nikamwomba radhi na kumwambia nitairefusha mpaka siku ya kambi.

"Na jambo jingine," akasema. "Watu wanafika hawana kila kitu. Huyu kasahau kitambulisho, huyu hajui namba ya simu ya ndugu yake. Siwezi kumfukuza mtu mzima akaanze upya. Nataka nimwachie ukurasa wake wazi, siku akirudi tuendelee tulipoishia. Inawezekana?"

Hapo ndipo mimi, mtoto niliyelelewa bombani, nilipopaswa kushtuka. Huyu mama alikuwa ananiuliza, kwa maneno mengine, kama anaweza kuwapangia watu madumu ndani ya kompyuta yangu. Mimi nikajibu, "Hakuna shida, mama." Hakuna neno lililoleta shida nyingi katika fani yetu kama hilo. Kuhifadhi fomu ya nusu kwenye diski kungenichukua siku mbili za kuandika upya. Kuiacha ndani ya sesheni, kwenye RAM ile ile, mpaka karani abonyeze kitufe cha kuhifadhi, kulinichukua nusu saa. Tunaambiwa haraka haraka haina baraka, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo mbele ya mratibu. Nikafanya ya nusu saa. Kila ukurasa ulioachwa wazi ukawa na sesheni yake, na karani akawaambia makarani wenzake, nao wakashukuru Mungu. Kufikia wiki ya pili Handeni nzima ilikuwa imeacha madumu yake kwenye mashine yangu, nami nilikuwa natembea kifua mbele.

Wakati huo mama mkubwa alikuwa haoni tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, pole pole, mpaka ikawa anatambua watu kwa mwendo na kuku wake kwa kuwashika. Kambi ile niliifanyia kazi kwa moyo kwa sababu yake, na sioni aibu kusema hivyo. Uandikishaji ulipoanza nilimpigia simu nikamwambia nitamwandikisha mwenyewe kutoka Korogwe, dakika tano, asijisumbue.

"Nina miguu, baba," akasema. "Foleni ipo, nitapanga."

"Mama, huoni."

"Foleni haitaki macho. Unamshika wa mbele yako."

Na kweli, alimshika jirani yake mkono, akawahi kituo cha mjini asubuhi ya siku ya tatu, kesho yake baada ya karani kunipigia, kabla ya watu wote. Haya niliyajua baadaye. Karani alimuuliza maswali yote akayajibu, mpaka likafika la mwisho: namba ya simu ya ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu nilikuwa mimi. Namba yangu hakuijua kwa kichwa, maana simu yake niliitengeneza mwenyewe ili akishikilia kitufe cha mbili inipigie, na siku hiyo simu alikuwa ameiacha nyumbani. Hakumwambia karani kwamba mfumo ule ni wa mwanawe. Angesema, angeonekana anajipendekeza. Alisema tu, "Niwekee nafasi, nitarudi na simu," na karani akamjibu kwamba nafasi yake ipo na hakuna wa kuigusa.

Halafu jirani akabanwa na palizi, na mama mkubwa hakuona haja ya kumhangaisha. Dumu lake lilikuwa kwenye mstari, tena la kwanza. Angekuja na simu siku ya kambi yenyewe. Katika wiki zile nilimuuliza mara mbili kama amejiandikisha, naye mara zote mbili akanijibu, "Nipo kwenye foleni." Nikaridhika.

Wiki ya mwisho matangazo yalipita misikitini, makanisani na mnadani, na vijiji vikamiminika. Siku mbili kabla ya kambi RAM ikajaa. Natamani niseme mashine ililia, au iligoma, au angalau ilipunguza mwendo. Haikufanya lolote. Ilizidi kuwa nyepesi, kiasi kwamba mratibu alinitumia picha ya dole gumba. Nilikuwa Segera nikila mahindi ya kuchoma, naangalia mchoro wa hali ya seva kwenye simu, wote kijani. Na muda huo huo mashine ilikuwa inafanya kile nilichoiagiza: kwa kila mgeni aliyeingia, inamtafuta aliyekaa kimya muda mrefu kuliko wote, inamtoa, inafuta alipokuwa amekaa. Wa kwanza kutolewa alikuwa yule wa kwanza kuachiwa ukurasa, ambaye hakuwa amemsumbua mtu yeyote tangu siku hiyo.

Asubuhi ya kambi nilifika Handeni nimevaa shati jipya. Orodha ilishachapwa, ya wale tu ambao fomu zao zilihifadhiwa, na nafasi zote za madaktari zilikuwa zimejaa. Kwenye mabenchi ya nje walikaa wazee wengi na vitambulisho mkononi. Karani alikuwa anafungua kurasa zao mmoja baada ya mwingine, na kila ukurasa ulimjibu kwa ustaarabu mkubwa: "Tafadhali ingia." Akaniita. Kwenye hifadhidata ile kuna namba moja inayohesabu waliotolewa. Nilikuwa sijawahi kuifungua. Niliifungua, nikaitazama, nikaifunga, nikaifungua tena kana kwamba ingeona haya ipungue.

"Waambie mfumo unasumbua," mratibu akasema.

Hakuna mzee aliyepiga kelele. Kila mmoja alirudia maneno yale yale, "Nafasi yangu ipo, mwanangu, nilimwachia yule mama," na kukaa tena chini kusubiri. Laiti wangenitukana ningejisikia nafuu.

Kisha nikamwona mama mkubwa anashuka kwenye pikipiki, jirani kamshika, simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Karani akasema, "Huyu mama ndiye wa kwanza kabisa niliyemwachia ukurasa." Mama mkubwa akageuza shingo aliponisikia natembea.

"Baba, upo?"

"Shikamoo mama. Nipo."

Mratibu alikuwa ameshajua yule ni nani kwangu, na sitamnyima sifa yake: alijaribu kunisaidia. Alininong'oneza kwamba kuna mgonjwa mmoja presha yake imegoma kushuka, nafasi imebaki moja, nimwingize mama yangu, nani atajua. Nilitaka. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kompyuta. Lakini mratibu ni mtu ambaye hata kunong'ona kwake kunahitaji kipaza sauti, na masikio ya mama mkubwa yalikuwa mazima.

"Kwani nafasi yangu imeenda wapi?" akauliza.

Nikaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Nani kaondoa dumu langu?"

"Mimi, mama."

"Langu tu?"

"Na ya hawa wote waliokaa hapa."

Karani akaingilia, akasema kwa haki kabisa nafasi ile iliyobaki ni ya mama mkubwa, maana yeye ndiye wa kwanza. Mama mkubwa akatikisa kichwa. "Nikiingia mimi, watasema mwanangu kaondoa madumu ya watu, kaliacha la mama yake. Mpeni wa pili." Wa pili alikuwa mzee mmoja wa kutoka kijiji cha mbali, akaingia ndani akiwa bado ananishukuru mimi, jambo lililonifanya nitamani ardhi ipasuke. Mama mkubwa akafungua pindo la kanga, akanipa simu niitazame kama ina chaji, kana kwamba ndicho kilichomleta. "Wewe unajua la kufanya," akasema. Akapanda pikipiki akarudi nyumbani.

Nilijua. Ilibidi niwatafute wote, niwaandikishe kwa ajili ya kambi inayofuata, nyumba kwa nyumba. Tatizo ni kwamba mashine haikubakiza hata jina. Nilikwenda kwa karani nimeinamisha kichwa, nikitegemea anikumbushe wawili watatu. Yule mama alikaa kwenye kigoda akaanza kuwataja mmoja mmoja mpaka nikachoka kuandika: mwenye mguu mbovu, mahindi yake yameliwa na ngedere, anakaa baada ya daraja, mwenye wajukuu pacha, mkwewe ana duka la mbolea, yule aliyekuja na fimbo ya marehemu mumewe. Zile salamu zake, ambazo mimi nilizipangia dakika kumi na tano na kuziita ukimya, ndizo zilizokuwa zimehifadhi kila mtu.

Nikaazima pikipiki. Kila Jumamosi na Jumapili, kwa majuma kadhaa, nilizunguka vijijini na daftari, maana nilikuwa nimepoteza imani na umeme. Nilipewa mihogo, nilipewa maji ambayo nilijua yalikotekwa, na bibi mmoja alinitukana kwa Kizigua tusi refu lenye ufundi hivi kwamba nilitamani arudie polepole niliandike. Kwenye mfumo niliziacha sesheni kwenye RAM, kwani ndiko kwao, lakini fomu za watu nikazihamishia kwenye diski, nusu au nzima. Nikafuta na ule mstari wangu mmoja. Sasa ikijaa inagoma kupokea mgeni na kunipigia kelele mimi, hata nikiwa Segera.

Kambi ya pili ilikuja baada ya mvua za masika kuisha. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kwenye orodha, na safari hii hakubisha. Jicho la kulia lilitoka safi. La kushoto daktari aliliangalia kwa muda mrefu. Akasema mtoto wa jicho alikuwa amekomaa kupita kiasi, akaleta presha ndani ya jicho, na mshipa wa kuonea umeshakufa. "Mngekuja kwenye ile kambi iliyopita," akasema, halafu akageukia karatasi zake. Hakujua anamwambia nani. Nililia nje, nyuma ya matangi ya maji, mtu mzima na ndevu zangu.

Mama mkubwa hajawahi kulitaja jambo hilo. Anapika mwenyewe, anawatukana kuku wake kwa majina, na juzi aliniambia fundi aliyenikata nywele ana chuki na mimi. Nikienda Handeni namkuta kwenye mkeka wake barazani, nakaa upande wa kulia. Siku nyingine najisahau, nakaa kushoto, naanza kuzungumza. Anageuza shingo mpaka jicho la kulia linifikie. Na mimi nahama.